Steringi wa kike: nani anamsikiliza?

SWALI: Shikamoo mwalimu. Naandika skripti yangu ya kwanza ndefu, filamu ya kisayansi ya kubuni. Ni Tanga ya mwaka 2090. Mvua imekatika miaka kumi na mji unaishi kwa mtambo mmoja wa kuchuja maji ya bahari. Steringi wangu ni Mwanaidi, fundi wa pampu. Nilipowasomea wenzangu, walicheka kwenye sini ya 12, pale anapowachapa askari sita. Mmoja akasema, "Huyo ni dume limevaa dera." Nikaibadilisha, nikamfanya aogope, alie, aokolewe na kaka yake. Sasa wanasema nimemdhalilisha. Wenzetu wa Hollywood wanawaandikaje hawa wanawake mpaka watu wanawakubali? (Mwandishi chipukizi, Tanga)

JIBU: Marahaba, binti. Nimezisoma rasimu zote mbili, ile ya ngumi na ile ya machozi, na naomba usizitupe, tutarudi kuzichomolea vipande. Wenzako walipocheka waliona kitu, ila sababu waliyokupa siyo yenyewe. Mwanaidi hana tatizo la udume wala la unyonge. Tatizo lake ni kwamba katika kurasa 34 ulizonitumia, hakuna hata mtu mmoja anayembishia. Anasema, basi. Wengine wamewekwa pale ili wapigwe, au ili wamwokoe.

Nianzie mbali kidogo. Miaka ya tisini nilikuwa mteja wa kibanda umiza kimoja: mabenchi ya mbao, gunia jeusi dirishani, televisheni ndogo juu ya kabati, na jamaa mwenye maikrofoni akitufasiria kwa Kiswahili chake chenye viungo vyote. Siku hiyo ulikuwa mkanda wa Alien, filamu ya Ridley Scott ya mwaka 1979. Kuna sini watatu wametoka kwenye chombo kwenda kuchunguza sayari, wanarudi wamembeba mwenzao Kane, usoni amegandwa na mdudu. Ndani yuko Ripley, Sigourney Weaver huyo. Nahodha yuko nje, kwa hiyo kwa wakati ule yeye ndiye mkubwa wa chombo. Sheria inasema mgonjwa wa aina hiyo akae karantini saa 24. Nahodha anamwamuru afungue mlango. Anakataa.

Mfasiri wetu akatia chumvi yake: "Huyu mama roho yake ina kutu!" Kibanda kizima kikazomea. Mimi nilizomea mpaka sauti ikakauka. Mwisho mlango unafunguliwa na Ash, ofisa wa sayansi, kinyume cha amri ya Ripley. Unajua kilichofuata, kile kitu kilichopasua kifua cha Kane mezani. Pale kibandani mfasiri mwenyewe alinyamaza. Halafu mzee mmoja wa benchi la nyuma akasema polepole, "Si alisema yule mama."

Nimefundisha uandishi wa skripti kwa miaka mingi na sijapata somo zuri kuliko sentensi ya yule mzee.

Sasa angalia kilichokuwa kwenye karatasi. Skripti ya Alien, ya Dan O'Bannon, ilikuwa na maelezo mafupi kwamba nafasi zote za wafanyakazi wa chombo zinaweza kuchezwa na mwanamume au mwanamke. Ndiyo maana wanaitana kwa majina ya ukoo tu: Ripley, Dallas, Lambert, Parker. Watu wengi wanaitaja habari hii kama ushahidi kwamba ukitaka mwanamke shupavu, mwandike mwanamume kisha ubadili jina. Mimi naona inathibitisha jambo jingine. Mpe mwanamke ile sini ya mlangoni, usibadili neno hata moja, na maana yake inageuka, kwa sababu watazamaji wanaleta masikio yao kutoka nyumbani. Amri ileile, ikitoka kwa mwanamume, tungesema mtu wa msimamo. Ilipotoka kwa Ripley tulisema roho ya kutu. Na baadaye, Ripley anapogundua siri ya Ash, kwamba ana amri ya kampuni ya kumleta yule mdudu, Ash anamwangusha na kujaribu kumuua kwa kumsokomeza jarida lililoviringishwa mdomoni. Zana zimejaa chombo kizima, na anachochagua ni kumziba mdomo.

Kwa hiyo binti, uanamke wa steringi usiutafute kwenye misuli yake wala kwenye machozi yake. Utafute kwa wanaomsikiliza. Anaposema jambo la kweli, nani anacheka, nani anamkata kauli, nani anajifanya hakusikia, na nani analipa kwa kutosikia?

Ukishika hapo, filamu nyingi zinafunguka. Katika Aliens ya James Cameron, mwaka 1986, Ripley anaamka baada ya kulala usingizini miaka 57, anawaeleza mabwana wa kampuni kilichotokea, nao wanamnyang'anya leseni. Anaishia kuendesha mashine za kubebea mizigo bandarini. Baadaye yuko na wanajeshi wanaomwona kama abiria. Anauliza kama anaweza kusaidia kazi, wanamtazama kama wanavyomtazama mama aliyepotea njia, naye anapanda kwenye ile mashine na kuinyanyua kama mchezo. Sajini anacheka, anamwonyesha pa kuweka mzigo. Ni dakika moja tu. Ndiyo dakika iliyonunua pambano lote la mwisho, pale anapotoka ndani ya mashine hiyohiyo kumkabili yule malkia wa wadudu. Hakuna anayeuliza amejifunzia wapi. Mwanaidi wako alijifunza kupigana wapi? Sini ya 12 haijui, na nadhani hata wewe hujui.

Terminator 2 ya Cameron huyohuyo, mwaka 1991, ina ujanja mkubwa zaidi. Sarah Connor amefungwa hospitali ya vichaa kwa sababu anasema ukweli: mashine zinakuja. Daktari anamsikiliza kwa tabasamu la mtu anayejaza fomu. Lakini Cameron haishii kwenye kumwonea huruma. Sarah akishatoka, anageuka kuwa yeye asiyesikia. Anakwenda peke yake kumuua mhandisi Dyson, ambaye kazi yake ndiyo itakayozaa mashine hizo, nyumbani kwake, mbele ya mke na mtoto, baridi kama ile mashine iliyowahi kumwinda yeye. Anamjeruhi, anamfikia, na anashindwa kummaliza. Anakaa chini, analia. Hayo machozi hakuna kibanda kilichoyacheka, kwa sababu yamekuja baada ya kosa lake mwenyewe. Machozi ya Mwanaidi yanakuja kabla hajafanya lolote, ndiyo maana yanaonekana ya bure.

Nisimame kidogo kwenye Arrival ya Denis Villeneuve, 2016, kwa sababu ndiyo ningekutaka uitazame mara tatu. Steringi ni Louise Banks, mwanaisimu, anachezwa na Amy Adams. Hana bunduki wala hajui karate. Viumbe wageni wametua, na kanali wa jeshi anakuja ofisini kwake na kinasa sauti: sikiliza, tafsiri. Louise anasema haiwezekani kutafsiri kwa kanda, lazima awaone ana kwa ana. Kanali anakataa, anasema yuko mtu mwingine wa kumwendea, huko Chuo Kikuu cha Berkeley. Anapoondoka, Louise anamwambia: kabla hujampa kazi, muulize neno la Kisanskriti, lugha ya kale ya India, la "vita" na maana yake. Usiku helikopta inatua nje ya nyumba yake. Yule mwingine alijibu kwamba maana yake ni mabishano. Kanali anauliza, na wewe unasemaje? Louise anasema maana yake ni kutaka ng'ombe zaidi.

Soma hiyo sini kama fundi. Hakuna aliyesema "huyu mama ana akili." Hakuna hotuba. Mwanamume mwenye madaraka aliziba masikio, akaenda, akarudi kwa miguu yake. Na jibu lenyewe, mfugaji yeyote wa kwetu analielewa bila mkalimani. Tangu hapo mpaka mwisho filamu inaendeshwa na swali hilohilo la nani yuko tayari kusikiliza, mpaka Louise anapompigia simu jenerali wa China na kumzuia asifyatue vita kwa maneno ya marehemu mke wake.

Sasa upande wa walioharibu, au wanaodaiwa kuharibu. Lazima umesikia kelele juu ya Rey wa Star Wars, aliyeanza mwaka 2015. Wanaomshutumu wanamwita Mary Sue. Jina hilo lina asili yake: mwaka 1973 Mmarekani mmoja mpenzi wa tamthilia ya televisheni ya Star Trek, Paula Smith, aliandika kijihadithi cha kejeli juu ya luteni wa kike wa miaka 15 na nusu. Binti anajua kila kitu, wakubwa wote wa chombo wanampenda, na akifa wanamzunguka wakilia. Ilikuwa kejeli juu ya hadithi za mashabiki wenzake. Siku hizi neno linatupwa kwa kila mwanamke anayerusha chombo bila kuomba ruhusa, na hapo ni uonevu mtupu. Luke Skywalker mwaka 1977 alikuwa kijana wa shamba aliyelipua kituo kizima cha kivita kwenye vita yake ya kwanza, na vibanda vilishangilia.

Lakini mtazame Luke vizuri. Mjomba wake anamkatalia kuondoka. Han Solo, rubani wa magendo, anamcheka usoni kwa imani yake. Kila hatua kuna anayembishia. Rey naye ameanza vizuri mno: anaokota vyuma chakavu jangwani, anavisugua, mnunuzi anampimia chakula robo fungu. Kisha mnunuzi huyohuyo anamwekea mafungu 60 mezani ili auze roboti mdogo aliyemwokota jana. Mkono wake unakwenda kwenye chakula, unarudi. Anakataa kuuza. Uamuzi wa gharama kama huo ungetosha kumbeba filamu tatu. Tatizo linaanza baadaye, dunia inapomlainikia. Han anampa kazi baada ya muda mfupi tu. Han anapouawa, Leia, aliyezaa naye, anampita Chewbacca, rafiki wa Han wa miaka yote, anakwenda kumkumbatia Rey ambaye hawajuani. Pale ndipo yule luteni wa kejeli anaponyemelea. Uwezo wa Rey haunisumbui hata kidogo. Kinachonisumbua ni kwamba watu wanaomzunguka wameacha kuwa watu, wamekuwa kwaya.

Kwaya ya aina hiyo iko pia kwenye Avengers: Endgame ya 2019, pale mashujaa wa kike wote wanapopangwa mstari mmoja katikati ya vita kama picha ya harusi. Sekunde chache, hakuna uamuzi, twende mbele.

Kwa nini makampuni makubwa yanaangukia hapo? Kwa maoni yangu ni woga. Filamu iliyokula dola milioni 200 haitaki ugomvi na mtu. Mwandishi akimpa steringi wa kike kosa, kuna atakayesema wanawake wametukanwa. Akimpa mpinzani mwenye hoja, hivyohivyo. Basi wanamsafisha mpaka anang'aa, na kitu kinachong'aa hivyo huwezi kukishika. Wewe huna dola milioni 200, huna sababu ya kuogopa.

Kuna njia nyingine ya mkato nikutahadharishe nayo, maana nimeiona kwenye ukurasa wako wa 9: mtoto aliyefariki. Mwanaume akiwa steringi anaweza kuwa na deni, wivu, au uroho tu. Mwanamke wanampa kaburi la mtoto. Ripley ana binti aliyezeeka na kufa wakati yeye amelala, ingawa sini hiyo ilikatwa kwenye Aliens iliyoonyeshwa sinema na kurudishwa katika toleo refu. Ryan Stone wa Gravity, 2013, amefiwa na binti wa miaka minne. Sisemi uzazi si jambo zito. Nasema limekuwa kama mchuzi wa pakiti. Arrival inafungua na mama anayempoteza binti, sisi tunajisemea "aha, ndiyo huzuni yake ya zamani," kumbe filamu inatutega kwa mazoea yetu, maana mtoto huyo bado hajazaliwa. Villeneuve na mwandishi wake Eric Heisserer walijua tumeshazoea. Mwanaidi wako, mtoto wake aliyekufa hafanyi kazi yoyote baada ya ukurasa wa 9. Mwondoe. Mpe kiburi cha ufundi. Fundi asiyeweza kuvumilia mtu mwingine kugusa spana zake namjua, nimeshakaa naye.

Jambo jingine: usimwache awe mwanamke peke yake kwenye mji mzima. Mchoraji wa vibonzo Alison Bechdel mwaka 1985 alichora mhusika anayekubali tu kutazama filamu yenye wanawake angalau wawili, wanaozungumza wao kwa wao, juu ya jambo lisilo mwanamume. Filamu ya mwisho aliyoweza kuitazama, anasema, ni Alien, kwa sababu wanawake wawili wanazungumza juu ya lile dubwana. Ni utani, lakini watu wameugeuza mtihani. Mimi siupendi kama mtihani, maana filamu mbovu inafaulu na nzuri inafeli, ila unakuonyesha kitu: wanawake wawili wakiwepo, mmoja anaweza kumwambia mwenzake "umekosea" bila jambo hilo kuwa vita ya jinsia.

Black Panther ya Ryan Coogler, 2018, inafanya hivyo kwa namna iliyonifurahisha kuliko mapigano yake yote. Kiti cha enzi kimechukuliwa na mvamizi aliyeshinda kwa mujibu wa desturi. Nakia, ambaye ni Lupita Nyong'o wetu wa Kenya, anataka Okoye akimbie naye wakampindue. Okoye, jenerali, anasema yeye ni mtumishi wa kiti, awe amekikalia nani. Mmoja anataka kuitumikia nchi, mwingine anataka kuiokoa. Wote wana hoja, wote wanaumia, na wanaachana palepale. Ukimpa mtazamaji ugomvi kama huo hatakumbuka kuuliza nani ana misuli.

Na kwa kuwa skripti yako ni ya maji, kuna filamu fupi ambayo lazima uitafute, ya dakika kama ishirini: Pumzi, ya Mkenya Wanuri Kahiu, 2009. Haina bajeti ya Hollywood. Asha anaishi ndani ya jamii iliyojifungia baada ya vita vya maji, anapata udongo wenye uhai, anaomba kibali cha kutoka nje, wanamnyima: nje kumekufa, wanasema. Anatoroka kwenda kupanda mche, na anaumwagilia kwa jasho lake mwenyewe. Hapigi mtu. Muda wote unataka tu mtu mmoja amsikilize, na anayemsaidia kutoka ni mwanamke anayesafisha choo, ambaye Asha alimgawia maji yake.

Haya, turudi sini ya 12.

Ulichonacho mkononi ni fundi wa pampu, na hujautumia ufundi wake hata mara moja. Pampu inayokosa maji ya kutosha kwenye mdomo wa kuvutia huanza kugonga, sauti kama kokoto zinazunguka ndani ya chuma. Fundi anaisikia kabla ya mita yoyote kuonyesha. Mwanaidi aisikie. Ajue kwamba ikiendelea hivyo mtambo utakufa, na mji hauna mwingine. Dawa ni kuzima, kusafisha njia ya kuvutia, na mji ukae bila maji usiku mmoja. Usiku wenyewe uwe mkesha wa Idi. Yule kaka yake mwokozi, mtoe kwenye uokozi, mfanye mkuu wa zamu. Amjibu kwa upole, kama kaka: mdogo wangu, umechoka, nenda kalale. Upole huo unauma kuliko kofi.

Anazima bila idhini. Ndipo askari sita wanakuja. Hana haja ya kuwapiga. Anahitaji dakika nne za kufunga valvu ya mwisho, gizani, kwenye chumba anachokijua kwa vidole na wao hawakijui. Achukue ngumi mbili tatu za rasimu yako ya kwanza, azipokee yeye. Atafaulu. Kisha, asubuhi, mpe habari kwamba hospitali ilikauka usiku ule na mgonjwa mmoja hakuamka. Kuhusu pampu alikuwa sahihi, ila mgonjwa hakumfikiria. Hapo ndipo uweke machozi ya rasimu yako ya pili, neno kwa neno kama ulivyoyaandika, maana umeyaandika vizuri. Na kaka yake awe mlangoni, asijue la kusema.

Kuna askari mmoja, umemwandika ASKARI 3, ambaye katika rasimu yako ya kwanza anainua mkono kusema kitu kabla hajapigwa kiti cha kichwa. Alitaka kusema nini? Nadhani alisikia kokoto zile naye. Mpe jina, na umwandikie nyumba ambayo ndoo zake ziko tupu tangu juzi. Ukishaandika hiyo, nitumie, hata kama ina makosa ya tahajia.